Chanda Chema Huvikwa Pete: Nani Astahili Kuitwa Gwiji wa Gita?

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Methali hii huwafaa watu wengi, lakini yamkini haiwafai wowote kuliko wale ambao jina na riziki yao vilitoka moja kwa moja katika vidole, yaani wacharazaji wa gita. Tatizo ni kwamba pete ni chache na vyanda ni vingi. Wanapokutana mashabiki wa muziki, hapakosi kuzuka ubishi kuhusu nani aliyewazidi wenzake. Mmoja atamtaja Jimi Hendrix wa Marekani, mwingine atamsimamia Franco wa Kinshasa, na wa tatu ataapa kuwa tangu alipofariki Mbaraka Mwinshehe gita limebaki yatima. Ubishi huu huvuma mabwenini, mikahawani na katika vyombo vya habari, na aghalabu huishia pale pale ulipoanzia kwa kuwa kila mbishi huja na mizani yake mfukoni.

Makala haya hayakusudii kuuzima ubishi huo. Yanadhamiria mambo matatu. Kwanza, kuonyesha jinsi orodha za magwiji zinavyoundwa na jinsi zinavyobadilika hata pale ambapo wanaoorodheshwa hawabadiliki. Pili, kupendekeza vigezo vinavyoweza kutumiwa na mhakiki anayetaka kutoa hukumu inayoweza kutetewa. Tatu, kuvitumia vigezo hivyo kumpima mtu mmoja aliyeimba kwa Kiswahili, Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, na kudai kuwa orodha yoyote ya magwiji wa gita isiyomtaja ina upungufu. Dai hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili kuliko linavyowahusu mashabiki wa kawaida, kwa sababu zitakazobainika mbele.

Orodha na Waamuzi Wake

Mnamo 2003 jarida la Rolling Stone la Marekani lilichapisha orodha ya wapiga gita 100 waliodaiwa kuwa wakuu kuliko wote katika historia. Orodha hiyo iliandaliwa na mhakiki David Fricke. Kileleni aliwekwa Jimi Hendrix (1942–1970), akifuatwa na Duane Allman, B.B. King, Eric Clapton na Robert Johnson. Mnamo 2011 jarida lilo hilo lilitoa orodha mpya, safari hii kwa kura za jopo la wanamuziki na wataalamu. Mnamo 2023 likatoa orodha ya tatu, ikiwa na majina 250. Hendrix alibaki wa kwanza mara zote tatu.

Kinachostahili kutazamwa si kilele bali mabadiliko yaliyotokea chini yake. Katika orodha ya 2003, miongoni mwa watu 100, wanawake walikuwa wawili tu: Joan Jett na Joni Mitchell. Sister Rosetta Tharpe hakuwemo. Tharpe alizaliwa katika jimbo la Arkansas mnamo 1915, akawa mwimbaji wa nyimbo za injili, na akalicharaza gita la umeme kwa nguvu na madaha yaliyokuja kusikika baadaye katika muziki wa roki, wakati ambapo muziki huo ulikuwa bado haujapewa jina. Alifariki mnamo 1973. Katika orodha ya 2023 alishika nafasi ya sita.

Je, nini kilichotokea kati ya 2003 na 2023? Marehemu hakuongeza hata sauti moja katika kazi yake. Orodha ya kwanza ilipochapishwa, alikuwa ameshakaa kaburini miaka 30. Santuri zake zilikuwa zile zile na vidole vilivyosikika humo vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni mizani. Waamuzi wapya waliuliza maswali ambayo wale wa awali hawakuyauliza: nani alitangulia, nani alimfunza nani, na nani aliachwa nje kwa kuwa hakufanana na picha ya mpiga gita waliyokuwa nayo waamuzi vichwani.

Ni funzo kubwa hili. Linatuonyesha kuwa orodha ya magwiji ni hukumu ya watu fulani, wa mahali fulani, waliosikiliza santuri fulani. Mwamba ngoma huivutia ngozi kwake. Mhakiki wa Marekani aliyekulia katika roki na bluzi hawezi kulaumiwa kwa kuyaona makuu aliyoyasikia. Anaweza tu kukumbushwa kwamba hakuyasikia yote. Kutoka Afrika, Ali Farka Touré wa Mali (1939–2006) alipata nafasi katika orodha ya 2003. Alistahili. Hata hivyo, ni vigumu kusahau kwamba miaka tisa kabla, mnamo 1994, alikuwa ametoa albamu ya Talking Timbuktu pamoja na Mmarekani Ry Cooder, na albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy. Mlango ulifunguliwa na mwenyeji. Wale ambao hawakupata mwenyeji wa kuwafungulia, akiwemo Franco mwenyewe, walibaki uani.

Ukuu Ni Nini?

Mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kushangazwa na mtafaruku wa aina hii, kwani umeshawahi kutokea nyumbani mwake. Katika miaka ya 1970, baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha diwani ya Kichomi mnamo 1974, wataalamu waligawanyika kuhusu shairi ni nini. Kundi moja lilishikilia kuwa pasipo vina na mizani hapana shairi. Kundi jingine likashikilia kuwa uhai wa shairi umo katika fikra, taswira na mdundo wa ndani. Mjadala ule ulikuwa mkali, lakini uliacha faida: uliwalazimisha wote kutamka waziwazi vigezo walivyokuwa wakivitumia kimyakimya. Mjadala wa magwiji wa gita unahitaji huduma iyo hiyo. Vigezo vinne vinapendekezwa hapa.

Kigezo cha kwanza ni ustadi, yaani uwezo wa vidole kutekeleza kile ambacho sikio limekikusudia. Watu wengi hukichanganya kigezo hiki na kasi. B.B. King (1925–2015) hakuwa mtu wa mbio. Aliweza kuukwanyua uzi mmoja, akautetemesha, na msikilizaji akamtambua papo hapo. Naye Django Reinhardt (1910–1953), aliyezaliwa nchini Ubelgiji na kuvuma nchini Ufaransa, aliungua vibaya mnamo 1928 kwa moto uliozuka ndani ya gari alimoishi, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikapooza. Alijifunza upya kupiga sehemu za solo kwa vidole viwili vilivyobaki na akawa miongoni mwa wapiga gita wa jazi wanaoenziwa zaidi duniani. Kwa hiyo ustadi haupimwi kwa wingi wa vidole wala wa sauti.

Kigezo cha pili ni ubunifu. Je, msanii alileta jambo ambalo halikuwapo, au alilikamilisha tu lililokuwapo? Kukamilisha ni kazi ya heshima, lakini kubuni ni kukata njia mwituni.

Kigezo cha tatu ni athari. Je, waliokuja baadaye wangepiga vile walivyopiga kama mtu huyu asingezaliwa? Athari si sawa na umaarufu. Mtu anaweza kujulikana na umati na asiigwe na yeyote, na mwingine akawa hajulikani na umati lakini kila mpiga gita wa kizazi chake akawa anamjua.

Kigezo cha nne, ambacho orodha nyingi hukipuuza, ni uhusiano wa gita na neno. Katika sehemu kubwa ya Afrika mpiga gita ni mwimbaji pia, na wimbo wake ni utungo. Gita huuliza na sauti hujibu, au sauti huacha sentensi katikati na gita likaimalizia. Mhakiki asiyejua lugha ya wimbo husikia nusu ya mazungumzo hayo. Kumpima msanii wa namna hii kwa vidole pekee ni sawa na kulihakiki shairi la Muyaka bin Haji kwa kuhesabu mizani bila kuuliza lilimlenga nani.

Vidole Viwili vya Mwenda

Mwenda Jean-Bosco, ambaye pia hujulikana kama Mwenda wa Bayeke, alizaliwa mnamo 1930 huko Bunkeya, Katanga, kusini mashariki mwa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mahali hapo pana historia. Bunkeya ilikuwa makao makuu ya Msiri, mtawala wa Wayeke aliyeuawa mnamo Desemba 1891, na asili ya Wayeke ni Unyamwezi katika Tanzania ya leo. Misafara ya biashara iliyounganisha pwani, Unyamwezi na Katanga ndiyo mojawapo ya njia zilizokifikisha Kiswahili huko. Baadaye, kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mnamo 1906, ilivuta wafanyakazi kutoka pande nyingi zenye lugha nyingi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja katika migodi na mitaa ya wafanyakazi. Johannes Fabian aliieleza kwa kina historia ya Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji katika kitabu alichokichapisha mnamo 1986. Kwa hiyo Mwenda aliposhika gita na kuimba kwa Kiswahili cha Katanga, hakuwa akiazima lugha ya wenyewe. Alikuwa akiimba kwa lugha ya mtaa wake.

Mnamo 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji mashuhuri wa muziki wa Afrika, alikutana naye katika mji wa Jadotville, ambao sasa huitwa Likasi. Mwenda alikuwa kijana wa miaka 22 hivi. Tracey alizirekodi nyimbo zake, ukiwemo Masanga, na santuri zake zikatolewa Afrika Kusini na kampuni ya Gallo. Masanga ulisafiri. Ulisikika Afrika ya Kati, ya Mashariki na ya Kusini, na hatimaye ukafika kwa wasomi na wapiga gita wa Ulaya na Marekani.

Ni nini walichokisikia? Mwenda alipiga gita kavu, yaani lisilo la umeme, bila bendi nyuma yake na bila kipande cha plastiki cha kukwaruzia nyuzi. Mkono wake wa kulia ulitumia vidole viwili tu, gumba na shahada. Gumba lilishughulikia nyuzi nene na kutoa sauti nzito, na kidole cha shahada kilishughulikia nyuzi nyembamba na kubeba mahadhi. Hata hivyo, sauti hizo mbili hazikutembea sambamba kama wanajeshi wa gwaride. Moja ilianguka katika mapengo ya nyingine, hivi kwamba msikilizaji husikia mkondo wa tatu ambao hakuna kidole kinachoupiga peke yake, bali huzaliwa na kukutana kwa vidole viwili. Aidha, Mwenda hakuurudia wimbo kwa namna moja. Alikuwa na kiini cha mahadhi, kisha akakizungushia mabadiliko madogo madogo, kama fanani wa fasihi simulizi anayeijua hadithi yake lakini akaitamba upya kila jioni.

Ubunifu huo ulimvutia David Rycroft, mtaalamu wa muziki na lugha katika Chuo Kikuu cha London. Rycroft aliunukuu upigaji wa Mwenda kwa alama za muziki, sauti baada ya sauti, na kuchapisha makala yake katika sehemu mbili katika jarida la African Music mnamo 1961 na 1962. Tukumbuke kuwa Mwenda alikuwa na umri wa miaka 30 na kitu tu. Ni wapiga gita wachache wa wakati huo, wa rangi yoyote na wa bara lolote, waliokuwa wameshachunguzwa kwa umakini wa aina hiyo wakiwa hai na wakiwa vijana.

Athari yake katika Afrika Mashariki ilikuwa ya ana kwa ana. Mnamo 1959 Mwenda alikaa Nairobi kwa miezi kadhaa na kupiga muziki redioni. Edouard Masengo, mwenzake kutoka Katanga, naye alifanya kazi humu nchini. Vijana wa Kenya walipata kuziona kwa macho mbinu walizokuwa wakizisikia santurini. Haifai kudai kuwa kila kitu kilitoka Katanga. Magharibi mwa Kenya tayari palikuwa na litungu na nyatiti, ala za nyuzi zilizowafunza watu kukwanyua kabla gita halijafika, na George Mukabi, aliyefariki mnamo 1963, aliujenga mtindo wa omutibo uliosindikizwa kwa mlio wa chupa ya soda, mtindo wenye ladha yake wenyewe. Hata hivyo, upepo wa Katanga ulivuma katika kipindi hicho hicho na ukaikuta miti iliyo tayari kutikisika.

Mnamo 1969 Mwenda alialikwa katika tamasha la muziki wa asili la Newport, Marekani. Aliendelea kupiga na kurekodi hadi miaka ya 1980, na akafariki katika ajali ya barabarani nchini Zambia mnamo 1990. Tukimpima kwa vigezo vyetu vinne, anapita vyote: ustadi uliowashughulisha wataalamu, ubunifu wa mtindo unaotambulika kwa sekunde chache, athari iliyovuka mipaka, na tungo ambazo gita na neno ndani yake haviachani.

Franco na Nico: Ubishi wa Kinshasa

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa ni Kongo, mbona asiwe Franco? Swali ni halali. François Luambo Makiadi, au Franco (1938–1989), alikuwa miongoni mwa waasisi wa bendi ya OK Jazz mnamo 1956, na akaiongoza hadi kufa kwake. Mashabiki walimwita mchawi wa gita. Mpinzani wake mkuu katika ubishi wa mashabiki alikuwa Nicolas Kasanda, au Dakta Nico (1939–1985), aliyepiga gita katika African Jazz ya Joseph Kabasele na kusikika katika Indépendance Cha Cha mnamo 1960, kabla ya kuanzisha African Fiesta pamoja na Tabu Ley Rochereau.

Tofauti ya hawa wawili ni somo zuri la uhakiki. Franco alipiga kwa nguvu, akirudiarudia kipande kifupi hadi kikawa kama msumari unaogongomewa, huku wachezaji wakizidi kupandwa na mori. Nico alipiga kwa ulaini, kila sauti ikidondoka safi kama tone la maji, mistari yake ikipanda na kushuka kwa mpangilio wa mtu anayefikiri mbele. Wanaopenda mdundo humchagua Franco. Wanaopenda mahadhi humchagua Nico. Kwa kigezo cha ustadi, Nico huenda akatangulia. Kwa athari katika ujenzi wa sebene, ile sehemu ambapo waimbaji huwapisha wapiga gita na wimbo ukachacha, wote wawili wana haki ya kudai taji. Kwa uhusiano wa gita na neno Franco ana nguvu za pekee, kwani nyimbo zake ndefu za Kilingala zilikuwa masimulizi na masuto ya jamii nzima, kama ilivyo katika Mario, wimbo wa mnamo 1985.

Hivyo, kumweka Mwenda katika orodha si kuwafukuza Franco na Nico. Wote watatu wanastahili kuwemo. Tofauti ni kwamba Franco na Nico walitanguliwa na jeshi: tumba, saksafoni, waimbaji na magita mengine. Mwenda aliingia uwanjani peke yake.

Waliosimama Nyuma ya Solo

Kuna upofu mwingine wa orodha hizi ambao masikio ya Afrika Mashariki yanaweza kuutibu. Orodha nyingi humtafuta mtu mmoja anayesimama mbele. Muziki wa dansi wa kwetu umesukwa kama mkeka. Gita la solo hupamba, gita la ridhimu hushikilia, na besi hutembea chini yao. Ukiuondoa ukili mmoja, mkeka unafumuka.

Chukua mfano wa Sina Makosa wa Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mnamo 1978 kutokana na Simba Wanyika. Wengi waupendao wimbo huo hukumbuka sauti ya mwimbaji na solo ya John Ngereza. Ukitega sikio, hata hivyo, utagundua kuwa kinachokufanya usimame na kutikisa mabega ni ridhimu ya Omar Shabani, aliyepewa lakabu ya Profesa, pamoja na besi ya Tom Malanga. Ridhimu ile haijitangazi. Inarudia kazi yake kwa uaminifu, ikiacha nafasi mahali panapofaa, na bila hiyo solo ingekuwa ndege asiye na tawi la kutua. Ni orodha gani itakayompa Omar Shabani nafasi? Orodha itakayotambua kwamba kushikilia nako ni ukuu.

Mbaraka Mwinshehe (1944–1979) naye anatufunza jambo. Akiwa na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyoianzisha mnamo 1973, alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja. Alifariki katika ajali ya gari mjini Mombasa mnamo Januari 1979 akiwa na umri wa miaka 34. Gita lake lilizungumza Kiswahili, kwa maana kwamba mistari yake ya solo mara nyingi hufuata mkondo wa sentensi iliyotoka kuimbwa, hupumzika mahali ambapo msemaji angepumzika, na huendeleza huzuni au mzaha wa maneno. Msikilizaji asiyejua Kiswahili atasifu utamu wake. Anayekijua atasikia maana.

Pingamizi na Majibu

Pingamizi tatu zinaweza kutolewa dhidi ya hoja za makala haya. Ya kwanza ni kuwa Mwenda aliacha kazi chache zinazopatikana kwa urahisi. Ni kweli, lakini Robert Johnson (1911–1938), aliyewekwa wa tano na jarida la Rolling Stone mnamo 2003, alirekodi nyimbo 29 pekee, katika miaka ya 1936 na 1937. Ikiwa uchache haukumzuia Johnson, hauwezi kumzuia Mwenda.

Ya pili ni kuwa muziki wa Mwenda ni mwepesi, umejengwa juu ya misingi michache ya sauti inayorudiwa. Pingamizi hili linachanganya uchache wa mali ghafi na uchache wa fikra. Utenzi nao una mizani minane kwa kila kipande na hurudia kina kile kile cha bahari kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, lakini hakuna mwanafunzi wa Kiswahili atakayedai kuwa utenzi ni utungo mwepesi. Ufinyu wa umbo ndio uwanja wa kipimo.

Ya tatu ndiyo nzito. Wapo wanaosema kuwa kupanga wasanii kwa nafasi ni upuuzi, kwani muziki si mbio za riadha. Hoja hii ina ukweli. Hakuna mizani itakayotuambia kwa yakini kama wa sita anamzidi wa saba. Hata hivyo, orodha husomwa na watu wenye uwezo wa kuamua. Jina likitajwa mara nyingi, santuri zake hutolewa upya, vitabu huandikwa na vijana hujifunza mtindo wake. Jina lisilotajwa hubaki katika sanduku la santuri zinazokwaruzika. Kuukataa mjadala kabisa ni kuwaachia wengine waamue ni nani atakayekumbukwa.

Kwa Nini Haya Yanatuhusu

Tumeona kuwa waliomrekodi, kumnukuu na kumweleza Mwenda kwa ulimwengu walikuwa Hugh Tracey na David Rycroft. Kwao tunaweza kuwaongeza Gerhard Kubik wa Austria na John Low wa Uingereza, mpiga gita aliyesafiri hadi Katanga, iliyokuwa ikiitwa Shaba wakati huo, ili kujifunza kwa mafundi wenyewe, na akachapisha kumbukumbu za safari yake mnamo 1982. Wasomi hawa wanastahili shukrani zetu zote. Bila wao tungekuwa na uvumi tu.

Lakini kazi yao ilielekea zaidi kwenye vidole. Kigezo cha nne, uhusiano wa gita na neno, bado kinamsubiri mtu aliyelelewa katika lugha. Nyimbo za Mwenda na wenzake ni hazina ya Kiswahili cha Katanga cha miaka ya 1950: msamiati wake, upatanisho wake wa kisarufi usiofanana na ule wa Kiswahili sanifu, mbinu zake za kusuta na kubembeleza. Nyimbo za omutibo ni hazina ya Kiswahili cha magharibi mwa Kenya kabla na karibu na uhuru. Isimujamii inazihitaji. Fasihi simulizi inazihitaji, maana aghalabu tunapofundisha nyimbo tunakimbilia zile za jando, za kazi na za mbolezi, huku wimbo wa gita, uliokuwa sauti ya mfanyakazi wa mjini, ukibaki nje ya mlango wa darasa.

Kazi hii haitaki fedha nyingi. Inataka masikio, subira na daftari. Wazee waliowasikia Mwenda na Masengo wakipiga Nairobi mnamo 1959 sasa wamezeeka mno, na wengi wamekwisha kututoka. Kila mmoja anapoondoka, tunapoteza maana ya kijembe fulani, jina la mtaa fulani, na sababu iliyowafanya wasikilizaji wa siku hizo wacheke mahali ambapo sisi hatucheki. Santuri inaweza kuhifadhiwa na mashine, lakini kicheko kile hakihifadhiki ila kwa kuulizwa na kuandikwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa orodha za magwiji wa gita hubadilika pamoja na mizani za waamuzi wake, na mfano wa Sister Rosetta Tharpe ni ushahidi wa kutosha. Yamependekeza vigezo vinne vya kumpima mpiga gita: ustadi, ubunifu, athari, na uhusiano wa gita na neno. Kwa vigezo hivyo, Franco, Nico na Mbaraka wana haki ya kuketi pamoja na Hendrix na Django, Omar Shabani anastahili kutolewa gizani, na Mwenda Jean-Bosco hawezi kuachwa nje bila orodha yenyewe kutiwa dosari.

Mcheza kwao hutuzwa. Mwenda alicheza kwao, kwa lugha ya kwao, na lugha hiyo ni yetu pia. Wageni wamekwisha kuvituza vidole vyake kwa alama za muziki. Maneno yake yanawasubiri wanafunzi wa Kiswahili, na nyimbo zipo za kusikilizwa.